Nyanya zinanyauka zikiwa kijani: je, ninunue chupa ya bakteria rafiki?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Ndono, wilayani Uyui, mkoani Tabora. Analima nusu eka ya nyanya za kumwagilia bondeni, pembeni mwa lilipokuwa shamba la tumbaku la mumewe. Misimu miwili mfululizo nyanya zikianza kuweka maua, baadhi ya mashina hulegea saa za mchana majani yakiwa bado kijani, hupata nafuu jioni, na baada ya siku chache hufa. Duka la pembejeo mjini wanamuuzia chupa ya lita moja ya “bakteria rafiki wa udongo” kwa shilingi 30,000. Jirani yake anasema ni maji ya sukari. Anauliza kama ainunue, bakteria anawezaje kumzuia bakteria mwenzake, na kama kitu hicho hakitawadhuru watoto wanaokula nyanya shambani.

Mwangaluka, mama.

Nianze na fedha yako. Kwa ajili ya mashina yanayonyauka sasa hivi, usiinunue. Shina lililokwisha kulegea halirudi hata ulimwagie chupa nzima. Ukiinunua, iwe kwa ajili ya kitalu cha msimu ujao, na kabla ya hapo uwe umejua kwa hakika ni ugonjwa gani unaokumalizia nyanya. Bakteria hawa si maji ya sukari. Kazi yao ni ya mlinzi: anawekwa mlangoni kabla mwizi hajafika. Mwizi akishaingia ndani na kufunga mlango, mlinzi wa nje hana la kufanya.

Kwa hiyo kesho asubuhi fanya jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Chukua glasi inayoonesha, jaza maji safi. Chagua shina lililolegea lakini halijakauka, ulikate karibu na ardhi, upate kipande chenye urefu wa kidole. Kishike kwa juu, au kibane kwa kijiti mdomoni mwa glasi, ncha ya chini iingie kidogo kwenye maji. Usitikise. Tazama dhidi ya mwanga kwa dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, unachokiona ni bakteria kwa mamilioni wakitiririka kutoka kwenye mishipa ya maji ya mmea. Huo ni mnyauko bakteria, na jina la mdudu wake ni Ralstonia solanacearum. Huingia kupitia majeraha ya mizizi, huzaliana ndani ya mishipa na kuijaza ute mpaka maji hayapandi. Ndiyo maana mmea unanyauka ukiwa kijani na udongo ukiwa na unyevu: una kiu huku miguu iko majini.

Zisipotoka nyuzi, endelea kuchunguza. Lipasue shina kwa urefu. Ukikuta mistari ya kahawia chini ya ganda, na kabla ya kunyauka majani ya chini yalianza kuwa ya njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea kuliko mwingine, mshuku kuvu wa fusari. Ukikuta utando mweupe shingoni mwa shina, pale linapotoka ardhini, pamoja na vipunje vya kahawia kama mbegu za haradali, huyo ni kuvu mwingine kabisa. Kisha ng'oa mizizi kwa jembe, usiivute kwa mkono, uioshe. Ikiwa na nundu zilizovimba kama shanga zilizotungwa, udongo wako una minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi.

Nakuomba usiruke hatua ya mizizi. Udongo wa Tabora sehemu kubwa ni wa kichanga, na minyoo fundo hupenda kichanga kwa sababu hupita kirahisi kati ya chembe. Tumbaku nayo huwalisha vizuri sana. Mara nyingi hawa wawili hufanya kazi pamoja: mnyoo hutoboa mzizi, Ralstonia hupita kwenye tundu. Mkulima huona mnyauko akapambana na mnyauko, kumbe aliyeacha mlango wazi ni mnyoo. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, niliwahi kumshauri mkulima kuhusu mnyauko bila kung'oa hata mzizi mmoja. Alitumia fedha zake msimu mzima kwa jambo ambalo si lake. Tangu siku hiyo sitoi ushauri wa mnyauko kabla sijaona mizizi iliyooshwa.

Na kuhusu shamba la mumeo: tumbaku, nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja. Ralstonia hushambulia aina zaidi ya 200 za mimea, lakini ukoo huu ndio anaoupenda kuliko yote. Hata tumbaku ikiachwa kulimwa, mnavu na ndulele vinavyojiotea humo vinaweza kumtunza mpaka urudi na nyanya. Kama shamba lile liko juu ya bonde lako, maji ya mvua yanakuletea udongo wake. Jembe linalotoka kule bila kuoshwa, vilevile.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo ninalolipenda.

Mzizi haukai tu kwenye udongo ukinywa maji. Sehemu ya chakula ambacho majani yanakitengeneza kwa jua, mmea huishusha na kuimwaga nje kupitia mizizi: sukari, asidi, vipande vya protini. Mwaka 1904 mtaalamu wa Ujerumani, Lorenz Hiltner, aliutambua ukanda huu mwembamba wa udongo unaouzunguka mzizi na kuupa jina lake la kisayansi, rizosfia, kwa kuwa aliona maisha ya vijidudu hapo si sawa na ya udongo wa mbali kidogo. Gramu moja ya udongo mzuri, pungufu ya kijiko cha chai, inaweza kubeba bakteria wanaofika bilioni. Hapo karibu na mzizi wanasongamana zaidi, kama watu kwenye kibanda cha chakula cha mchana stendi. Na si kila anayekuja ni mwema.

Bakteria rafiki anayejulikana zaidi kwa kazi hii ni Bacillus subtilis na ndugu zake wa karibu. Akifika mzizini mapema hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Hujishikiza kwenye ngozi ya mzizi na kutandaza utando wa ute, akikalia nafasi ambazo adui angezikalia na kula chakula ambacho adui angekila. Hutoa kemikali zinazotoboa ngozi za kuvu na za baadhi ya bakteria wengine. Jambo hili lisikushangaze, kwani dawa nyingi za hospitali zina asili hiyohiyo: streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu, ilipatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo. Kundi lingine la marafiki, Pseudomonas fluorescens, lina ujanja wa madini. Hutoa vitu vinavyonasa chuma kwenye udongo, na wadudu wa magonjwa wasiokipata hushindwa kuongezeka.

Lakini kwa mnyauko wako, kazi ninayoithamini zaidi ni nyingine, nayo haionekani. Bakteria hawa wakigusa mzizi, mmea wenyewe huamka. Haujaugua, lakini huanza kujiandaa kana kwamba umepewa taarifa, na adui akifika unakaza kuta za seli zake na kutoa kinga haraka kuliko ambavyo ungefanya. Kwa mmea, inakaribia kufanana na chanjo kwa mtoto. Na chanjo hatumpi mtoto siku anapolazwa na surua.

Ndiyo sababu nasema kitalu. Hesabu nawe. Nusu eka yako, ukipanda kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 60, inabeba mashina kama 3,700. Kuyamwagia yote bakteria shambani, kikombe kidogo cha mililita 100 kwa kila shimo, ni lita 370 za mchanganyiko na siku nzima ya kubeba ndoo. Miche hiyohiyo ikiwa kitaluni inakaa kwenye mita chache za mraba, mizizi ni michanga, na bakteria wachache wanatosha kuitawala kabla haijakutana na udongo mgonjwa. Hapo chupa moja inafanya kazi inayolingana na bei yake.

Fanya hivi. Siku ya kusia, mwagia kitalu mchanganyiko kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kama kibandiko kinaruhusu kupaka mbegu, paka. Siku mbili tatu kabla ya kuhamisha, mwagia tena. Siku ya kupandikiza weka kikombe kwenye kila shimo kama nguvu zinaruhusu, na urudie baada ya wiki mbili. Ukilazimika kupunguza, punguza za shambani, za kitalu usiziguse. Mwagilia jioni, maana jua huua bakteria waliobaki juu. Tumia maji ya kisima au ya mto. Kama una maji ya bomba yenye dawa ya klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima. Bomba la kupulizia lililobeba dawa ya shaba lioshwe vizuri, na dawa zenye shaba zisikutane na bakteria hawa udongoni wiki hiyo: shaba haijui rafiki na adui.

Kabla ya kusia kuna kazi ya kukisafisha kitalu chenyewe. Wazee wa tumbaku huko kwenu wanaijua: walirundika matawi juu ya kitalu na kuyachoma ili joto liue wadudu na magugu. Baadaye ikaja gesi ya methili bromidi, ambayo mataifa yalikubaliana kuiondoa chini ya Mkataba wa Montreal kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni; kwa nchi zinazoendelea mwisho wake ulikuwa 2015. Wewe usichome miti na usitafute gesi. Lainisha kitalu, kimwagilie mpaka kilowe, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, fukia kingo zake kwa udongo, na ukiache juani wiki nne mpaka sita. Septemba na Oktoba ya Tabora, jua linapowaka kabla ya mvua, linatosha kabisa. Kama kawaida yako ni kusia mapema zaidi, weka nailoni wakati huo kwa ajili ya msimu unaofuata.

Hapa wengi wanakosea. Udongo uliochemshwa na jua au moto ni nyumba iliyohamwa. Yeyote atakayeingia kwanza ataikalia bila upinzani, na akiwa Ralstonia aliyeletwa na jembe, atakuwa mkali kuliko zamani kwa kuwa hakuna wa kumzuia. Siku unayoondoa nailoni ndiyo siku ya kuingiza wema: mboji iliyoiva vizuri, na bakteria wako. Nimeona vitalu vilivyochomwa vizuri vikafa miche yote kwa sababu ya jembe moja lililotoka shamba la jirani.

Nimetaja mboji, na kama ungekuwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu kati ya haya, ningekuchagulia hilo badala ya chupa. Bakteria wa dukani akitupwa kwenye kichanga kisicho na chakula, hafiki mbali. Biwi la mboji likipikwa vizuri, likafikisha joto la nyuzi 55 hadi 65 katikati kwa siku kadhaa na kugeuzwa mara kwa mara, wadudu wengi wa magonjwa hufa humo, lakini Bacillus hubaki hai kwa sababu hujifungia kwenye kijimbegu kigumu kinachostahimili joto na ukame. Kwa hiyo mboji nzuri inakuletea baadhi ya walinzi bure, pamoja na chakula chao. Samadi iliyooza mnayo mkoani humo, kwa wafugaji. Usitie kwenye biwi mabua ya tumbaku wala mashina ya nyanya zilizokufa. Hayo yachomwe moto mbali na bonde.

Kuna mashamba duniani ambayo udongo wake umejijengea ulinzi wenyewe. Kule Châteaurenard, Ufaransa, kuna udongo maarufu kwa kuzuia mnyauko wa fusari hata kuvu mwenyewe akiwemo. Watafiti walipouchemsha kwa mvuke, ulinzi ukapotea. Walipochanganya tena kiasi kidogo cha ule ambao haukuchemshwa, ulinzi ukarudi. Hiyo ndiyo ithibati inayonipa mimi imani kwamba ulinzi ule ni kazi ya viumbe hai, na kwamba unaweza kujengwa. Nakutahadharisha tu usiende kuchota udongo wa shamba zuri la jirani na kuuleta kwako, maana utaleta pia minyoo yake.

Sasa chupa yenyewe. Jirani yako hana haki ya kusema zote ni maji ya sukari, lakini ana haki ya kushuku. Soma kibandiko kabla hujatoa noti. Kiwe na jina kamili la bakteria, si “vijidudu vyenye manufaa” tu. Kiwe na idadi ya walio hai, ambayo huandikwa kwa herufi CFU kwa kila mililita au gramu. Bidhaa inayoaminika huhesabu mamilioni mia na kuendelea. Kiwe na tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na namba ya usajili ya TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana viuatilifu vya kibiolojia navyo husajiliwa. Kisha tazama ilipowekwa. Bacillus akiwa kwenye kijimbegu chake anaweza kuvumilia rafu ya duka la bati mwezi wa Oktoba. Pseudomonas hatengenezi kijimbegu, na chupa yake iliyokaa dirishani juani huenda imebeba maiti. Kwa umbali wa kutoka mjini hadi Ndono, mimi ningechukua Bacillus, na ya unga kama ipo.

Usichanganye huyu na yule wa maharage na karanga. Bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mikunde wanatengeneza chakula cha naitrojeni, nao ni wema, lakini si walinzi wa nyanya. Ukivunja kinundu cha maharage ukakuta wekundu ndani, hiyo ni afya. Nundu za minyoo ziko ndani ya mzizi wenyewe, haziwezi kubanduliwa.

Nikuambie na mipaka yake, nisije nikawa muuzaji. Bakteria hawa hufanya vizuri sana kwenye vyungu vya majaribio, na shambani matokeo hupanda na kushuka kwa udongo, joto na wingi wa adui. Shamba lililojaa Ralstonia haliokolewi na chupa peke yake. Kama glasi itaonesha maziwa, ng'oa mashina yaliyokufa pamoja na udongo wa mizizi yake, uyatoe shambani kwenye ndoo, na usimwagilie kwa mfereji unaopita kwao kwenda kwa wazima. Acha kupanda ukoo wa nyanya kwenye kipande hicho kwa miaka mitatu hivi na uweke mahindi au mtama, ukipalilia mnavu na ndulele bila huruma. Kama tatizo ni minyoo, mahindi hayatakusaidia kwa kuwa nayo huwalisha minyoo hao. Hapo panda marejea, mmea wa jamii ya mikunde usiowalisha minyoo hao vizuri, kisha uyafukie yakianza kutoa maua. Udongo ukiwa na tindikali kali, chokaa ya kilimo huwasaidia marafiki kuliko maadui. Wapelekee sampuli TARI Tumbi, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilicho hapo hapo Tabora, wapime kabla hujanunua mfuko. Na ukinunua mbegu za chotara, tafuta herufi za ukinzani kwenye pakiti: Rs ni kwa Ralstonia, F au Fol ni kwa fusari, N au M ni kwa minyoo. Mbegu yenye ukinzani pamoja na bakteria kitaluni ni ndoa ninayoiamini kuliko kila kimoja peke yake.

Msimu ujao usiniamini mimi wala muuza duka. Tenga matuta sita. Matatu yapandwe miche iliyopata bakteria, matatu isiyopata, uyapishane moja kwa moja, mbolea na maji sawasawa. Kila Jumamosi hesabu mashina yaliyokufa kwa kila tuta na uandike kwenye daftari. Matuta yasiyopata ndiyo yatakayokuambia kama shilingi 30,000 zilikuwa na kazi. Ukikosa tofauti, jambo hilo nalo ni jibu, na ningependa kuliona daftari hilo.

Kuhusu watoto: Bacillus subtilis kwa kawaida hawadhuru walaji. Kuna jamii yao ambayo Wajapani huchachushia soya na kuila. Unga wake ukipeperuka unaweza kuwasha macho na pua, kwa hiyo unapochanganya funga kitambaa usoni, simama upande upepo unakotoka, na unawe kwa sabuni. Chupa ikae mbali na watoto kama pembejeo nyingine. Kitu ninachokukataza ni kuwazalisha mwenyewe nyumbani kwenye dumu la molasi, kama wanavyofundishana baadhi ya watu. Katika ukoo huohuo wa Bacillus wapo wanaotia sumu kwenye chakula, na kwenye dumu huna njia ya kujua ni nani aliyezaliana. Nyanya zioshwe kwa maji safi kabla ya kuliwa, hata zile watoto wanazochuma wakiwa shambani. Waachie kidumu cha maji pale kivulini.